Unaishi mlimani au chini ya mlima? Soma hii kabla mvua hazijaanza

Mvua zikianza kila mtu anaongelea mafuriko, maporomoko ya udongo yanasahaulika mpaka yaue. Alafu kuna wanaosema sisi tuko tambarare hayatuhusu. Mji wa Katesh, Tanzania, upo chini ya mlima Hanang, na alfajiri ya 3 Desemba 2023 tope na mawe yalishuka mpaka mjini kati, wakafa watu zaidi ya 80. Kwa hiyo cha kwanza toka nje uangalie juu yako kuna nini. Nyumba ikiwa kwenye mdomo wa korongo, hata lile ambalo ni kavu mwaka mzima, tope likishuka litapita kwako.

Dalili sasa. Mara nyingi udongo unaanza kusogea kidogo kidogo kabla ya kuachia, so angalia ufa shambani uliopinda kama mwezi mchanga, mlango uliokuwa unafunga vizuri sasa unakwama, nguzo ya umeme inalala upande, maji yanachimbuka mahali hapajawahi kuwa na chemchemi. Ukiona ufa chomeka vijiti viwili, kimoja huku kimoja kule, pima kwa kamba funga fundo, kesho pima tena. Kamba ikiwa haifiki tena kijiti cha pili, ufa umepanuka, hamisha watu na umwambie mwenyekiti wa kijiji, usisubiri aje kukagua ndo uhame.

Inayodanganya wengi ni mto. Mvua inapiga, maji ya mto yanapungua ghafla, watu wanashukuru Mungu! Hapana jamani, huko juu udongo na magogo yameziba na yakiachia hamtapata hata muda wa kuvaa viatu.

Maporomoko mengi yanaua usiku au alfajiri watu wakiwa wamelala. West Pokot kule Kenya, Novemba 2019, ilikuwa usiku, Freetown kule Sierra Leone, 14 Agosti 2017, ilikuwa asubuhi mapema, waliokufa na kupotea walipita 1,000, na vile vilima vilikuwa vimefyekwa miti vikajengwa nyumba. Imenyesha siku mbili tatu mfululizo na jioni bado inapiga? Msilale hapo, na mkubaliane leo mtalala kwa nani, maana saa nane usiku na bibi na watoto ndo utaanza kupigia watu simu? Mkisikia ngurumo au miti inavunjika kimbieni pembeni, kuelekea mgongo wa mlima, msifuate bonde.

Na hii ya kukata mlima wima ili upate kiwanja, alafu maji ya bati yote yanamwagika hapo hapo kwenye ukingo, mi naona ni kujichimbia kaburi. Maji yapeleke kwa mtaro mbali na mteremko.

Likishatokea, usikimbilie kuchimba na kijiji kizima. Gofa kule Ethiopia, Julai 2024, watu walikuja kufukua majirani zao, udongo ukashuka mara ya pili ukawafunika na wao, jumla wakafa zaidi ya 200. Mtu mmoja akae pembeni na filimbi aangalie juu tu, asishike jembe. Wachimbaji wawe wachache kwa zamu, kila mmoja ajue atakimbilia upande gani, na kila baada ya muda zimeni pikipiki wote mnyamaze msikilize kama kuna anayegonga chini.