Datsun 240Z inapolia "wiii": kumsaka mwenye mlio kabla ya kushika spana

Kwenye Datsun 240Z, ile iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, mlio mwembamba wa "wiii" una watuhumiwa wachache, na wengi wao hawamo ndani ya injini. Fundi anayekimbilia kufungua kava ya cheni siku ya kwanza anakula hela yako bure. Cheni ya taimingi ya injini ya L24 ikilegea huchakarisha na kugonga; hailii wiii. Pampu ya stelingi, ambayo mafundi waliozoea Toyota za juzi huitaja kwanza, isahau kabisa: gari hili halina.

Anza kwa kujua mlio unafuata nini. Simamisha gari, weka niutro, pandisha resi taratibu hadi mizunguko 3000 kwa dakika. Mlio ukipanda na kushuka pamoja na resi, kanyaga klachi hadi chini. Ukikatika hapo, ni beringi ya shafti ya kuingilia giaboksi au ya kaunta shafti, ile shafti ya pili ndani ya giaboksi. Ukianza pale tu unapokanyaga, ni rilizi beringi, ile inayosukumwa unapokanyaga klachi. Usipobadilika, tatizo liko mbele ya injini, na hapo ndipo kesi nyingi huishia.

Mkanda wa feni wa 240Z unazungusha vitu viwili: altaneta inayochaji betri, na pampu ya maji yenye feni. Injini ikiwa baridi, vua mkanda wote, washa, sikiliza kwa muda usiozidi dakika moja, zima. Usizidishe, maana maji hayazunguki na feni imesimama. Mita ya ampea itaonyesha betri haichajiwi, ni kawaida. Mlio ukipotea, umeshaondoa injini nzima kwenye orodha kwa kazi ya spana mbili.

Mkanda ukiwa bado nje, zungusha puli ya altaneta kwa mkono. Beringi nzima inazunguka kimya. Iliyokufa unaisikia kwenye vidole kama kuna mchanga ndani. Shika puli ya pampu ya maji, itikise juu na chini. Ikicheza hata kidogo, pampu imekwisha. Tazama pia kitundu kilicho chini ya shingo ya pampu: alama ya kutu au maji yaliyokauka inaonyesha sili imeanza kuvuja na maji yanaifikia beringi. Gari lililozoeshwa maji matupu ya bomba bila kulanti hufika hapa mapema, kwa sababu kutu ya ndani husugua sili.

Beringi za altaneta hubadilishwa peke yake. Namba iko pembeni mwa beringi. Chukua ya zamani uende nayo dukani Ngamiani, uombe yenye kifuniko cha mpira pande zote mbili. Kwa upepo wa chumvi wa Tanga, beringi iliyo wazi upande mmoja ni kujitafutia kazi ya pili. Wakati wa kurudisha mkanda, ubonyeze kwa dole gumba katikati ya sehemu yake ndefu zaidi kati ya puli mbili: ushuke kama sentimita moja. Wengi hukaza hadi uwe kama uzi wa gita, kisha wanashangaa beringi mpya inaanza kulia tena. Mkanda uliokazwa kupita kiasi ndio unaoua beringi zenyewe.

Kuna mlio wa asubuhi tu, wa "waja leo waondoka leo": unalia gari likiwashwa, dakika tano baadaye kimya. Huo aghalabu ni mkanda wenyewe, uliolala kwenye unyevu. Nyunyiza maji kidogo upande wa ndani wa mkanda injini ikiwa silensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), mikono na nguo vikiwa mbali na feni. Sauti ikibadilika ghafla, ni mkanda. Beringi haijali maji yako.

Lakini altaneta inaweza kulia huku beringi zake zikiwa nzima. Washa taa kubwa na feni ya hita. Mlio ukipanda bila resi kupanda, unatoka kwenye umeme, yaani dayodi au koili zilizo ndani ya altaneta. Zima injini, chomoa plagi ndogo ya pini mbili nyuma ya altaneta, washa tena. Altaneta sasa inazunguka bila kuchaji. Mlio ukitoweka umethibitisha. Rudisha plagi, weka mita kwenye betri: volti 13.8 hadi 14.5 kwa resi 2000 ni sawa, na mita ikiwekwa upande wa AC isipite nusu volti. Kamwe usichomoe betri injini ikiwaka, unachoma dayodi zilizobaki. Kama wiii iko kwenye spika za redio tu, safisha waya wa arthi kati ya injini na bodi. Chumvi hupenda sana sehemu hiyo.

Mlio unaofanana na mluzi, unaosikika silensa na kupotea ukikanyaga mafuta, ni hewa inayovutwa. Kagua gasketi chini ya kabureta mbili, paipu ya busta ya breki, na paipu ya valvu ya kupumulia injini iliyo chini ya manifoldi. Mafundi wengi hupuliza petroli au dawa ya kabureta kutafuta uvujaji. Kwenye injini hii ni hatari, kwa sababu ekzosi iko upande uleule, chini ya kabureta. Tumia chupa ya maji ya kunyunyizia, au mpira wa bomba wa mita moja uliowekwa sikioni, uutembeze taratibu.

Likisimama liko kimya na linalia barabarani tu, toka mapema kuelekea Segera, uvuke Pongwe kwanza. Ukiwa kilomita 80 kwa saa, kanyaga klachi, weka niutro, acha liserereke. Usizime swichi: stelingi inaweza kujifunga na busta ikakosa nguvu. Mlio ukiendelea kufuata spidi, injini haina kosa. Kama unasikika gia ya 1, 2 na 3 ukanyamaza ya 4, tazama kaunta shafti, kwa kuwa gia ya 4 inapita moja kwa moja bila kubeba mzigo kupitia huko. Ukibadilika kila unapokanyaga na kuachia mafuta, ni difu, yaani giaboksi ya nyuma inayogawa nguvu kwa matairi. Ukibadilika ukiyumbisha gari kulia na kushoto, ni beringi za matairi. Na kabla ya yote hayo, chomoa kebo ya spidomita kwenye giaboksi ujaribu tena. Kebo kavu inalia kama kitu cha mamilioni.

Difu inataka oili ya gia ya daraja la GL-5, giaboksi GL-4, maana baadhi ya GL-5 hula shaba ya sinkroni. Jaza hadi ianze kumwagika tunduni. Oili ya zamani ipitishie sumaku: uji wa kijivu laini ni uchakavu wa kawaida, vipande unavyovihisi kati ya vidole ni meno au beringi. Hapo usikaze nati ya pinioni kwa kukisia. Tafuta difu nyingine nzima ya R180, aina inayotumika kwenye gari hili.