Kombaini gani inafaa shamba lako? Anza na udongo

Ndugu zangu wakulima, wengi hapa Uganda wakitaka kombaini, ile mashine ya kuvuna na kupukuchua kwa pamoja, wanaanza kuuliza bei na nguvu ya injini. Mi nasema anza na udongo wako, uko aje siku ya kuvuna. Kama ni mpunga wa bondeni, Doho kule Butaleja ama upande wa Kibimba, mara nyingi chini bado kuna matope, hapo mashine ya matairi achana nayo kabisa. Chukua ile ndogo ya mikanda ya raba, ina tani tatu hivi na uzito unasambaa kwenye mikanda so haizami ovyo, alafu inageuka palepale kwenye majaruba madogo. Zile kubwa za matairi, tani kumi na kuendelea, ni za ardhi kavu na pana kama mashamba ya mahindi na soya ya Nwoya ama Masindi.

Ukisema mahindi ujue heda (ile sehemu ya mbele inayokata mazao) ya mpunga haiyavuni, yanataka heda yake ya mistari, na nafasi ya mistari lazima ilingane na ulivyopanda. Wengi tunapanda sentimita 75, so heda ya nafasi nyingine itakuangushia mahindi chini.

Sasa hesabu ya ukubwa, na hapa ndo watu wanatupa pesa. Heda ya mita 2 ikitembea kilomita 3 kwa saa, toa muda wa kugeuka na kumwaga mpunga, unapata kama ekari moja kwa saa. Asubuhi kuna umande, huingii shambani mpaka jua lipande, tuseme unafanya kazi saa sita, hizo ni ekari sita kwa siku. Kama wewe na majirani wote mna ekari 30 mashine itamaliza wiki moja alafu inakaa bure mpaka msimu ujao, hapo bora mkodi ama mnunue kama kikundi.

Ukienda kuangalia iliyotumika, mwambie muuzaji mapema asiiwashe kabla hujafika, ukifika gusa injini, ikiwa ya moto jua tayari wameihangaikia kuwaka. Pinda mkanda wa raba uangalie nyufa, ukiona nyaya za chuma zimetokeza hesabu mkanda mpya kwenye bei. Fungua pipa la kupukuchua uone meno kama yameisha, yakiisha punje zinabaki kwenye nyasi. Na kabla ya yote uliza spea, beringi na belti, zinapatikana Kampala ama mpaka ziagizwe ng'ambo, manake mpunga ulioiva hausubiri meli, punje zinapukutika tu.

Usilipe bila kuijaribu shambani. Mpunga uvunwe ukiwa na unyevu asilimia 20 mpaka 25 hivi (baadaye unaukausha hadi 14), mashine ipite, alafu nyuma yake pima mita moja kwa mita moja, fukua nyasi, hesabu punje, fanya hivyo sehemu kadhaa. Toa zile zilizokuwa zimedondoka zenyewe kabla haijapita. Kila punje 100 hapo ni kama kilo 10 kwa ekari, kwa hiyo ukikuta 400 unaacha kilo 40 chini kila ekari, na hiyo ni pesa ya dizeli na zaidi. Mwambie dereva apunguze mwendo na feni ya kupepetea, mpime tena. Ikishuka vizuri basi mashine iko sawa, shida ilikuwa kuiseti tu, ikigoma kushuka mi nisingeinunua hata kwa bei ya kutupa.

Na dereva utakayemuajiri usimlipe kwa ekari peke yake, atakimbiza mashine apate nyingi. Weka na kitu kidogo juu kwa siku ambazo punje za nyuma ni chache, na kuzihesabu uende mwenyewe.