Kununua DSLR ya mtumba Kampala: ikague hivi kabla ya kutoa pesa

Kazi yangu ni kupiga picha za harusi na kwanjula (sherehe ya Waganda ya kumtambulisha mchumba nyumbani kwa bibi harusi), na watu hunipigia simu niwasindikize dukani wanapotafuta DSLR yao ya kwanza, yaani kamera yenye kioo ndani na lenzi ya kubadilisha. Tunaenda mchana, tukiwa na memori kadi yetu na tochi ndogo. Tukifika tunafanya hivi.

Hatua ya 1: Anza na lenzi
Kwanjula nyingi hufanyika chini ya hema. Gomesi, magauni ya heshima ya kina mama, zinang'aa, nyuso zinabaki kwenye kivuli. Lenzi ya 18–55mm inayokuja na bodi (kamera yenyewe bila lenzi), ukiivuta hadi mwisho, tundu lake la mwanga halifunguki zaidi ya f/5.6; namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Ile ya 50mm f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya hapo. Kwa hiyo pesa ikiwa kidogo, chukua bodi ya bei ya chini na hiyo 50mm. Jua tu kwamba kwenye bodi za Canon zenye sensa ndogo (sensa ni kipande kinachonasa picha), 50mm inaona kama 80mm, yaani inavuta karibu zaidi; itakubidi urudi nyuma hatua kadhaa. Anayefuata ndege katika bustani ya mimea ya Entebbe atafute lenzi inayofika angalau 250mm.

Megapikseli zisikusumbue. Picha ya megapikseli 24 ina nukta 6000 kwa 4000, inatosha kuchapishwa inchi 20 kwa 13 kwa ubora kamili. Bodi ya megapikseli 18 nayo inatosha albamu yoyote.

Hatua ya 2: Hakikisha bodi na lenzi vinaelewana
Hapa wengi huumia. Nikon D3500, D5300 na ndugu zao hazina mota ya fokasi, ile inayonoa picha, ndani ya bodi. Ukizifunga lenzi ya zamani iliyoandikwa AF au AF-D, utazungusha fokasi kwa mkono. Tafuta AF-S au AF-P. Kwa Canon, lenzi za EF zinaingia kwenye DSLR zote za EOS, lakini EF-S ni za bodi zenye sensa ndogo tu.

Hatua ya 3: Mulika ndani ya lenzi
Usiharakishe hapa. Mwaka wangu wa pili kazini nilinunua lenzi jioni, chini ya taa ya duka. Asubuhi niliona ndani yake nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Ilikuwa kuvu, na muuzaji alikataa kuipokea. Iliniuma sana, maana nilikuwa nimekusanya pesa hiyo miezi mingi. Unyevu wa huku kwetu karibu na Ziwa Victoria unailea kuvu vizuri, hasa lenzi ikifungiwa ndani ya begi.

Toa vifuniko vyote viwili, mulika tochi upande mmoja, tazama upande wa pili kwa kuinamisha. Lenzi nyingi za Nikon zina kijiti kidogo cha chuma nyuma. Kisukume tundu lifunguke, la sivyo hutaona kitu. Chembe chache za vumbi hazina neno. Ukiona nyuzi, rudisha lenzi mezani, hata wakikupunguzia bei.

Hatua ya 4: Pima sensa na shata
Weka ISO (wepesi wa sensa kuhisi mwanga) 100, f/16, vuruga fokasi, piga anga. Kuza picha kwenye skrini: madoa meusi yaliyofifia ni vumbi, linasafishika, mkwaruzo hausafishiki. Kisha funika lenzi, upige kwa sekunde kadhaa. Kitone kimoja au viwili vya rangi nitavumilia. Vikijaa kama nyota, hapana.

Sasa weka spidi ya 1/4000 ya sekunde upige picha ishirini mfululizo. Utepe mweusi kwenye picha yoyote ni dalili ya shata, pazia linalofunguka na kujifunga mbele ya sensa, inayochoka. Nikon huandika idadi ya mibofyo ndani ya faili la picha, na programu za bure za kompyuta huisoma. Shata ya D3500 ilipimwa kwa mibofyo 100,000. Canon nyingi hazioneshi idadi hiyo kwenye faili, kwa hiyo tazama raba za mahali pa kushikia na rangi ya vitufe: zikiwa zimelika, kamera hiyo imefanya kazi nyingi.

Hatua ya 5: Chaja na risiti
Chaji betri palepale dukani, washa flashi, jaribu kila kitufe. Namba ya utambulisho ya bodi (serial number), ambayo mara nyingi iko chini yake, iandikwe kwenye risiti, na siku unazoruhusiwa kuirudisha ziandikwe pia, kabla hujahesabu pesa.