Kurekebisha Skrini ya Kompyuta Ili Macho Yasichoke

Mjini Kigoma, ambako ziwa liko magharibi, dirisha linalotazama Tanganyika huwa neema asubuhi na adha kuanzia alasiri, jua linapoteremka na kupiga moja kwa moja mezani. Kwa hiyo, kabla ya kugusa mpangilio wowote, zima skrini na uitazame ikiwa nyeusi: ukiona humo umbo la dirisha, taa au shati lako jeupe, hicho ndicho kinachokusumbua, na hakuna kitufe kitakachokiondoa. Geuza meza ili dirisha liwe ubavuni mwako, si mbele wala nyuma, kisha futa vumbi kwa kitambaa laini kikavu.

Hapo ndipo ushughulikie mwangaza. Fungua ukurasa mtupu wa kuandikia na ushike karatasi nyeupe ya A4 kando yake. Ukurasa ukiwaka kama taa kuliko karatasi, punguza mwangaza. Ukionekana wa kijivu, ongeza. Kwenye kompyuta mpakato tafuta vitufe vyenye alama ya jua, ambavyo aghalabu huwa safu ya juu ya kibodi. Ya mezani huwa na vitufe vyake kwenye fremu ya skrini. Jaribio hili lirudiwe giza linapoingia, kwa kuwa kipimo kilichofaa mchana kitachoma macho usiku, ingawa wengi wetu tulio kwenye steshenari huuacha mwangaza palepale ulipokuwa siku kompyuta iliponunuliwa. Mpangilio wa usiku unaoipa skrini rangi ya manjano unatuliza, lakini uzime unapotengeneza picha za pasipoti, la sivyo rangi za nyuso zitakudanganya.

Maandishi yakiwa madogo, yakuze hadi asilimia 125 au 150 badala ya kupunguza rezolusheni (idadi ya nukta zinazounda picha kwenye skrini), jambo ambalo hutia herufi ukungu.

Ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho au chini yake kidogo, nawe ukae umbali wa mkono ulionyooshwa, yaani sentimita 50 hadi 70. Rimu moja au mbili za karatasi chini ya skrini ya mezani zinatosha kuiinua. Anayevaa miwani ya kusomea yenye sehemu mbili asiinue. Aishushe, kwa sababu ikiwa juu atalazimika kuinua kidevu ili asome kupitia sehemu ya chini ya lenzi, na shingo itaanza kumuuma kabla ya macho.