Kupanda mboga ya roketi juu ya mawe ya Goma: somo na maswali ya wanachama

Wengi hapa Goma wanaona roketi, mboga ya majani yanayoliwa mabichi, ni saladi ya hotelini tu. Mji wetu uko kwenye mita 1,500 hivi, hewa ina ubaridi, na roketi ni ndugu wa shu (kabichi) na figili: baridi hiyo inaipenda. Adui yake hapa ni kiu. Mawe ya volkano yetu, Nyiragongo, yana matundu, maji yanapita mbio, na jiwe jeusi likipigwa na jua la mchana linachemsha udongo ulio juu yake. Mmea ukipata joto na kiu pamoja, unakimbilia kutoa maua, na majani yanakuwa machungu mno.

Anza na udongo. Kama uwanja wako uko pale lava ya 2002 ilipopita, panga mawe kuzunguka, upate tuta lenye kina cha sentimita 20. Jaza udongo mweusi na samadi ya mbuzi iliyooza kabisa. Samadi mbichi hapana, maana majani haya hayapikwi. Asiye na uwanja atumie gunia, au beseni lililotobolewa chini. Tafuta pahali penye jua la asubuhi na kivuli kuanzia saa saba.

Chora mifereji ya nusu sentimita, iachane sentimita 20. Changanya mbegu na mchanga mkavu zisirundikane, sia, funika kidogo, nyunyizia. Ndani ya wiki moja utaona vijani viwili viwili vyenye umbo la moyo. Na tafadhali, usimalize pakiti siku moja! Sia mstari mmoja, wiki mbili baadaye mwingine. Ukisia yote pamoja, utavuna nyingi kwa pamoja, kisha utakaa bila kitu.

Miche ikifika urefu wa kidole, ng'oa mingine, inayobaki iachane sentimita 10. Iliyong'olewa inaliwa.

Mwagilia kila asubuhi. Juni hadi Agosti ongeza na jioni. Tandaza majani makavu juu ya udongo. Maji ya kununua kwa bidoni (dumu) yanauma mfukoni, lakini yale ya kuoshea mchele yanafaa.

Wiki ya nne anza kukata majani ya nje, acha moyo wa mmea uchipue tena. Vunja jani moja, linuse: ule ukali wa haradali unazaliwa pale jani linapopasuka. Kwa hiyo kata karibu na saa ya kula.

Maswali

*Mama wa Ndosho: Mwalimu, majani yangu yana vitobo, kama yamechomwa sindano.*

Pole mama. Ni vidudu vyeusi vidogo vinavyoruka kama viroboto. Funika tuta kwa neti siku ileile ya kusia, na udongo usikauke, maana ukavu unavipendeza. Msimu unaofuata weka hapo maharage au lengalenga (mchicha), usirudishe roketi wala shu. Majani yenye vitobo yaoshe, ule bila wasiwasi.

*Papa wa Keshero: Ninaweza kumwagilia na maji ya ziwa?*

Hapana papa, hilo nakuomba sana. Kipindupindu tunakijua hapa. Sombe (kisamvu) inapita kwenye moto, roketi haipiti popote. Tumia maji ya klorini au ya mvua. Mvua ya kwanza iache ioshe kwanza bati, lina vumbi na majivu ya volkano. Mimina chini, kwenye mizizi, na kabla ya kula osha majani kwa maji safi ya kunywa.

*Kijana wa Katindo: Yangu imetoa maua. Ning'oe yote?*

Maua nayo yanaliwa, yanawasha kidogo. Vifuko vya mbegu vikikauka na kuwa rangi ya nyasi kavu, kata shina, lining'inize ndani ya mfuko wa karatasi. Ila chukua mbegu za mmea uliochelewa kutoa maua. Uliowahi ung'oe, watoto wake nao watawahi.