Kuanza Kazi katika Wodi ya Watoto Njiti: Kwa Muuguzi Mpya wa Lamu

Muuguzi aliyehitimu juzi na kupangiwa wodi ya watoto wachanga mahututi huingia akizihofia mashine: inkubeta, taa za kutibu umanjano, kifaa cha kusukuma hewa puani, na ving'ora vinavyolia usiku kucha. Mashine hizo utazizoea baada ya wiki chache, na wenzako watakuelekeza. Linalochukua muda mrefu zaidi, na ambalo ningependa ulishughulikie tangu zamu ya kwanza, ni kumsoma mtoto mwenyewe. Njiti wa gramu 1,200 anapozidiwa halii kwa nguvu wala hatupi mikono. Hunyamaza, hulegea, rangi yake hubadilika kidogo tu, na asiyemtazama vizuri hudhani ametulia.

Usipokee zamu ukiwa umeketi mezani. Zunguka na mwenzako kitanda kwa kitanda, na kwa kila mtoto fungueni nguo mumtazame pamoja: anavyopumua, tumbo lake limejaa au ni laini, mahali palipotiwa dripu pamevimba au pako sawa, mpira wa kulishia umeingia hadi alama gani. Uliza uzito wa leo na wa jana, mara ya mwisho alipokula, na dawa ambayo bado hajapewa. Kisha, kabla mwenzako hajaondoka, hakikisha kwamba mfuko wa kupulizia hewa una barakoa inayoenea uso wa njiti, na kwamba mashine ya kufyonza inafanya kazi. Saa ya kuvitafuta vitu hivyo si ile ambayo mtoto ameacha kupumua.

Suala la joto ndilo nitakalolikalia zaidi, kwa sababu hapa kwetu ndilo linalotuletea taabu kubwa. Joto la mtoto mchanga linapopimwa kwapani linatakiwa liwe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Likishuka chini ya hapo, mwili huanza kutumia sukari na oksijeni kwa wingi ili ujipashe moto, ilhali njiti hana akiba ya mafuta wala ya sukari. Ndiyo maana mtoto aliyepoa utamkuta pia sukari imeshuka na pumzi zinamsumbua, ukadhani ana maradhi matatu kumbe chanzo ni kimoja. Watu husema Lamu ni joto, mtoto atapoaje? Hupoa baharini. Mtoto anayeletwa kutoka Faza au Kizingitini kwa boti wakati wa kusi hupigwa na upepo na rasharasha za maji njia nzima, na leso aliyofungwa ikishalowa huzidi kumtoa joto. Akifika, mvue kila kilicholowa, mkaushe, mvishe kofia, na weka mgongo wa kiganja chako tumboni mwake, kisha nyayoni, huku kipimajoto kikiendelea kusoma. Tumbo likiwa na joto na nyayo zikiwa baridi, ameanza kupoa; vyote vikiwa baridi, ni dharura, na sukari ipimwe papo hapo.

Wauguzi wa zahanati za visiwani wanaopiga simu kabla ya kumsafirisha mtoto waambie jambo moja: ikiwa mama ana nguvu na mtoto anapumua vizuri, asafiri akiwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, amefungwa kwa leso kavu, na buibui la mama limfunike juu bila kumziba pua. Hiyo ndiyo njia ya kangaruu, iliyoanza Bogotá, nchini Kolombia, mwaka 1978 kwa sababu inkubeta hazikutosha, na tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza ianze mara tu baada ya kuzaliwa, hata kwa watoto wadogo ambao zamani tulingoja watulie kwanza.

Pumzi zihesabu kwa dakika nzima, usihesabu nusu ukazidisha, kwani pumzi za njiti hazina mpangilio. Akisita kwa sekunde tano hadi kumi kisha akaendelea, hiyo ni kawaida yake. Akisita kwa sekunde 20, au kwa muda mfupi zaidi lakini moyo ukapungua kasi au rangi ikageuka, msugue mgongo taratibu. Asipoitika, mpulizie hewa kwa mfuko na uite msaada. Oksijeni nayo ni dawa yenye kipimo: kwa njiti anayepewa oksijeni, kiwango cha oksijeni katika damu yake hulengwa kati ya asilimia 90 na 95, kwa sababu ikizidi huweza kuharibu macho yake.

Kwenye dawa, penda hesabu kuliko kumbukumbu. Chukua mfano wa jentamaisini, dawa ya kuua bakteria, kwa mtoto wa kilo 1.2 aliye katika wiki ya kwanza: miligramu 3 kwa kila kilo ni miligramu 3.6 kwa siku. Chupa ya miligramu 80 katika mililita 2 ina miligramu 40 kwa kila mililita, hivyo ungehitaji mililita 0.09, kiasi ambacho sindano haiwezi kukipima kwa uhakika. Ukiichanganya na maji ya sindano mpaka ifike mililita 10, kila mililita inabaki na miligramu 8, na dozi inakuwa mililita 0.45. Ivute kwa sindano ya mililita moja. Nukta ikihama mahali pamoja tu, mtoto atapata mara kumi ya anachostahili, kwa hiyo mwenzako naye aifanye hesabu upya, peke yake, kabla hujadunga.

Unapomwamsha daktari usiku, usiseme tu kwamba mtoto hayuko sawa. Sema: "Daktari, ni mtoto wa kitanda cha tatu, gramu 1,200, siku ya nne. Tangu saa mbili usiku joto limeshuka hadi 35.9 ingawa yuko kifuani mwa mamake, tumbo limejaa, na amesita kupumua mara mbili. Naomba uje umwone." Kumbuka kwamba kwa njiti maambukizi huonekana kwa joto kushuka mara nyingi kama yanavyoonekana kwa homa.

Jamaa nao ni sehemu ya tiba. Mama akamue maziwa angalau mara nane kwa saa 24, usiku ukiwemo, na hata matone machache ya dang'a, yaani maziwa ya kwanza, yapakwe ndani ya mdomo wa mtoto. Baba akitaka kumwadhinia mwanawe, mkaribishe, anawe mikono hadi kwenye viwiko, na msogezee kiti karibu na inkubeta. Asali na tende mdomoni, na wanja machoni, hapo kuwa na msimamo: mweleze nyanya kwa adabu kwamba matumbo ya njiti hayajakomaa, asali huweza kubeba vijidudu vya sumu, na wanja mwingi huwa na madini ya risasi. Kisha mwombe nyanya huyo huyo ashike zamu ya kangaruu mama anapooga au kulala. Sijaona wasaidizi wazuri kuwaliko.

Ikiamuliwa mtoto apelekwe bara, kwanza apashwe joto na sukari yake iwe imepanda, kwani safari ya boti hadi Mokowe na barabara ya kwenda Malindi au Mombasa ni ndefu. Kadiria oksijeni iliyomo kwenye mtungi kwa saa za safari na za kuchelewa, piga simu kwa wodi inayompokea, andika saa ya kila dozi aliyopewa, na mama aende naye.