Jinsi ya Kuchagua Kati ya Vyuo Vikuu Vikubwa vya Umma vya Marekani kwa Kupima Mahali na Gharama

Mwongozo huu unamhusu mwombaji wa shahada ya kwanza anayetoka nje ya Marekani, atakayesoma kwa viza ya F-1, na ambaye tayari ana vyuo vitatu au vinne vya umma mkononi. Katika kazi yangu ya kushauri waombaji, wengi hulinganisha kwanza umaarufu wa vyuo na kuacha hesabu hadi barua za udahili zifike. Nashauri hesabu itangulie, kwa sababu mahali chuo kilipo huamua sehemu kubwa ya gharama hata kabla hujachagua kozi.

Hatua ya 1: Fahamu utatozwa ada ya nani.

Vyuo hivi hupata fedha kutoka serikali za majimbo, na ndiyo maana mkazi wa jimbo hulipa ada ndogo, ilhali asiye mkazi hutozwa ada ambayo mara nyingi hufika mara mbili au tatu ya hiyo. Usitumaini kwamba ukikaa mwaka mmoja au miwili utahesabiwa kuwa mkazi. Viza ya F-1 humtaka mwenye nayo awe na makazi nje ya Marekani ambayo hana nia ya kuyaacha, na kwa kawaida sharti hilo humzuia kupata ada ya mkazi. Mpango wa Western Undergraduate Exchange, unaotajwa sana mitandaoni kwa kuwapunguzia ada wanaosoma nje ya jimbo lao, ni wa wakazi wa majimbo ya magharibi, kwa hiyo uuweke kando. Texas ni tofauti kidogo: sheria yake inaruhusu mwanafunzi aliyepata ufadhili wa ushindani wa chuo usiopungua dola 1,000 kwa mwaka kulipa ada ya mkazi, ingawa nafasi hizo zina kikomo. Ufadhili mdogo wa namna hiyo unaweza kuwa na thamani kuliko ufadhili mkubwa wa jimbo jingine.

Hatua ya 2: Geuza kila kiasi kiwe cha mwaka mzima.

Chukua makadirio ya jumla ya gharama kwenye tovuti ya kila chuo, si ada peke yake. Hakikisha yanajumuisha bweni, chakula, vitabu, bima ya afya na ada ndogondogo za lazima. Angalia pia kalenda: University of Washington, kwa mfano, hugawa mwaka kwa robo, hivyo ada ya robo moja huonekana nafuu mbele ya ada ya muhula wa chuo chenye mihula miwili, ilhali mwaka wa kawaida wa masomo huko una robo tatu za kulipia. Kozi nayo ina uzito wake. Katika University of Illinois Urbana-Champaign wanafunzi wa uhandisi hutozwa zaidi, na University of Michigan hupandisha ada kwa walio miaka ya juu.

Hatua ya 3: Pima mji wenyewe.

Makadirio mengi ni ya miezi tisa, na baadhi ya mabweni hufungwa wakati wa likizo, kwa hiyo jiulize utalala wapi Desemba na miezi ya kiangazi. Kodi ya nyumba Los Angeles au San Diego ni kubwa kuliko ya mji wa chuo kama Urbana-Champaign, ambako pia mwanafunzi hupanda mabasi ya mji kwa kutumia kitambulisho chake. Kwa upande mwingine, kampasi kuu ya Penn State iko mwendo wa saa tatu hivi kwa gari kutoka Philadelphia au Pittsburgh, na kila safari ya uwanja mkubwa wa ndege ina gharama yake. Maoni yangu ni kwamba mji mdogo hushinda kwa mwenye bajeti finyu, isipokuwa pale ambapo fani yake inategemea waajiri waliojikusanya mahali pamoja, kama kampuni za teknolojia za Seattle na Austin. Kazi ndani ya kampasi haiwezi kuziba pengo kubwa, kwani muhula unapoendelea huruhusiwi kuzidi saa 20 kwa wiki.

Hatua ya 4: Hesabu miaka, si mwaka.

Shahada nyingi huhitaji kredi 120, yaani vipimo vya kiasi cha masomo uliyomaliza. Kiwango cha chini cha mwanafunzi wa F-1 kwa kawaida ni kredi 12 kwa muhula, na anayeishia hapo atakuwa na kredi 96 tu baada ya mihula minane, hivyo atalipia mwaka wa tano. Vyuo vingi hutoza ada ileile kuanzia kredi 12 hadi kiwango fulani cha juu, kwa hiyo kuchukua 15 mara nyingi hakukuongezei ada.

Hatua ya 5: Uliza kwa maandishi kabla ya kulipa amana.

Ili upewe fomu ya I-20, ambayo chuo hukupa ili uombe viza, utaonyesha fedha za mwaka wa kwanza, lakini wewe jiandae kwa miaka yote minne. Iandikie ofisi ya udahili uulize kama ufadhili hurudiwa kila mwaka, unahitaji wastani gani wa alama, na kama hufutwa ukibadilisha kozi. Vyuo vingi hutaka jibu lako kufikia Mei 1, kwa hiyo tuma maswali hayo wiki kadhaa kabla.